Kutengeneza Mahali pa Wengine

Kila mwaka, shule zinapofungwa na baridi ya mwezi wa saba inapoanza kulegea, vikundi vya Kiro na vya skauti vya parokia zetu hutoka mjini kwenda kambini. Wazazi hubaki nyumbani wakihesabu siku. Vijana hurudi sauti zimekauka kwa nyimbo na nguo zinanuka moshi, nao huwa na mengi ya kusimulia: michezo, matembezi ya usiku, moto wa jioni, marafiki wapya. Sisi tunaowapokea husikiliza kwa furaha. Lakini katika miaka yote hiyo, hakuna hata kijana mmoja aliyetusimulia habari za mtu aliyefyeka nyasi kabla kikundi hakijafika, aliyechimba choo, aliyechagua ni mti gani utawapa wapishi kivuli saa sita mchana.

Tafakari hii imeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Maana wapo watu, na mara nyingi ni familia nzima, ambao kazi yao ya kila siku ni kutayarisha mahali kando ya maji ili familia nyingine zije kupumzika: zipige hema, ziwashe moto, zilale zikisikia mawimbi, kisha ziende zao. Kazi hiyo huonekana ndogo, na wengi huihesabu kuwa biashara ya kukodisha kiwanja tu. Sisi twaiona kuwa kazi ya kuumba, kama ya seremala au ya mtunzi wa nyimbo, na twaamini kwamba vijana wa Likasi wangepata faida wakiifikiria kwa uzito.

Sisi wa Likasi hatuna bahari. Shaba yetu ndiyo inayoifikia. Hupakiwa katika malori, hupita Kasumbalesa, hukata nchi ya Zambia, huvuka mpaka wa Tunduma, na baada ya safari ya karibu kilomita 2,000 hufika bandari ya Dar es Salaam. Madereva na wafanyabiashara wanaorudi kutoka huko hutuletea habari za maji yasiyo na ng'ambo. Basi na tuwafuate kwa mawazo, tukaone jinsi watu wa pwani wanavyowapokea wageni wao, kisha turudi tulitazame ziwa letu.

Ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam kuna Kigamboni. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016, karibu kila mtu aliyetoka mjini kwenda huko alivuka kwa kivuko, na hata leo wengi huvuka hivyo. Kwenye fukwe zake, kama Mikadi na Kipepeo, wasafiri wanaolikata bara kwa gari kutoka Nairobi hadi Cape Town wamepiga hema kwa miaka mingi, jirani na familia za mjini zinazokuja kuogelea siku ya Jumapili. Anayeingia katika kambi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza huona mchanga, minazi na vibanda vya makuti, akadhani kwamba mahali hapo pamejitengeneza penyewe.

Kumbe sivyo. Bahari ya Hindi hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa za kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kutoka siku moja hadi ya pili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo katika pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita 4. Kati ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu. Mwenye kambi asiyeijua hesabu hiyo atampangia mgeni hema mahali pakavu wakati wa mchana, na usiku wa manane bahari itamwamsha mgeni huyo pamoja na watoto wake. Hapangi hema chini ya mnazi wenye madafu, kwa kuwa nazi ikianguka haichagui kichwa. Hupanda mivinje ili mizizi yake ishike mchanga na matawi yake yavunje upepo, akijua kwamba kivuli chenyewe atakipata baada ya miaka. Kisima chake hukichota kwa kiasi, kwa sababu kisima kilicho karibu na bahari kikichotwa kupita kiasi huingiwa na maji ya chumvi, na maji matamu huchelewa kurudi. Choo hukiweka mbali na kisima, upande ambao maji ya ardhini hayatakirudisha kinyesi penye kunywewa. Makuti ya paa huoza, hana budi kuyabadilisha. Masika huja kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua, na hapo ndipo familia hutengeneza yaliyoharibika na kuishi kwa akiba.

Tazameni basi jinsi kazi ya mikono na kazi ya akili zilivyofungamana hapo. Mmoja wa nyumba huamka alfajiri kufagia mchanga na kuokota yaliyoletwa na maji. Mwingine hushika daftari la mapato na matumizi. Mwingine anajua maneno ya salamu ya lugha nne au tano. Mzee wa nyumba hukaa karibu na lango na kwa kumtazama mgeni anayeingia hutambua kama anataka maongezi au anataka kuachwa peke yake. Hakuna shule inayofundisha yote hayo katika darasa moja. Na mgeni akiondoka akisema tu kwamba alilala vizuri, kazi imefanikiwa, ijapokuwa hakuona hata sehemu yake moja.

Siku moja tulizungumza habari hizi mbele ya vijana wa parokia, na mmoja wao, kijana hodari aliyemaliza masomo yake, akatuuliza bila kuficha: "Mwalimu, wazazi wetu wameuza mashamba ili tusome. Sasa mnataka tukawatandikie wageni vitanda?" Wenzake walicheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Lilikuwa na uchungu ndani yake, na tangu siku ile hatukuacha kulifikiri.

Tunauelewa uchungu huo. Mji wetu ulizaliwa kwa ajili ya madini. Babu zenu walipoingia katika kazi ya Union Minière, na baadaye Gécamines, walipewa nyumba, poso ya unga, shule ya watoto na hospitali. Kazi ilikuwa kitu cha kupewa. Mtu aliingia ndani yake kama anavyoingia mtu katika nyumba iliyokwisha jengwa. Kisha nyakati zikabadilika. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Wengi wa wazazi wenu ni watoto wa watu hao. Nyumba ilibomoka, lakini mazoea ya kungoja kuitwa mlangoni hayakubomoka pamoja nayo. Ndiyo maana kijana akikosa kuitwa na kompani hudhani amebakiwa na njia mbili tu: kushuka mashimoni pamoja na wachimbaji wa mikono, au kuihama nchi. Na ndiyo maana akiambiwa habari za kuwapokea wageni husikia neno "utumishi" kwa maana ya unyonge.

Jibu letu kwa kijana yule ni hili. Anayetandika kitanda kwa amri ya mwingine, katika nyumba ambayo hakuifikiri wala kuitunza, huenda ni mtumishi tu, ingawa hata yeye anastahili heshima. Lakini yule aliyeitazama nchi tupu, akaona kichwani mwake mahali ambapo watoto watacheza na wazee watakaa kivulini, akapafanya mahali hapo pawepo, huyo ameumba. Kitanda anachotandika ni mstari mmoja wa utenzi alioutunga yeye mwenyewe. Tena utenzi wake ni mgumu kuliko ule wa karatasi, kwa kuwa kila jioni hukamilika na kila asubuhi hufumuliwa, naye hana budi kuutunga upya.

Katika kazi hiyo liko jambo moja ambalo sisi watu wa nchi ya madini twahitaji kujifunza kuliko watu wengine. Ni sanaa ya kuacha. Mfano wake mzuri tunaujua kutoka Zanzibar. Kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini Unguja kuna kisiwa kidogo cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, msitu uliosimama juu ya mawe ya matumbawe, na miamba hai ya matumbawe upande wake wa magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller, alianza kutafuta namna ya kukilinda kisiwa hicho kwa fedha za wageni wenyewe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza miamba hiyo kuwa hifadhi. Wavuvi wa jirani waliajiriwa na kufundishwa kuwa walinzi wake. Watu wale wale waliojua samaki hujificha wapi ndio waliopewa kazi ya kuwalinda.

Tunalotaka mlione ni idadi ya nyumba za wageni zilizojengwa pale: saba. Kisiwa kingeweza kubeba nyingi zaidi, na mwenye haraka ya fedha angezijenga. Paa la kila nyumba hukinga maji ya mvua na kuyapeleka katika tangi lililo chini yake, kwa kuwa kisiwa hakina maji matamu. Umeme hutoka kwenye jua. Vyoo havitumii maji, bali hugeuza kinyesi kuwa mbolea, ili uchafu usishuke baharini na kuua matumbawe. Usiku hakuna taa za nje. Mgeni hutembea na tochi, wanyama wa usiku wasifadhaike. Na wanafunzi wa shule za Zanzibar huletwa huko kujifunza, wengi wao wakitazama chini ya maji ya bahari yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 kazi hiyo ilitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa katika orodha yake ya heshima iitwayo Global 500. Chumbe si kambi ya familia, na gharama zake si za mtu wa kawaida. Hata hivyo fikra iliyo ndani yake inaweza kufuatwa na yeyote mwenye kiwanja kando ya maji: jiulize kwanza mahali hapo panaweza kubeba nini, ndipo ujiulize unataka kupata nini.

Mtu wa mgodi hufundishwa kinyume chake. Huhesabu kilichotoka. Mlima ukiisha, kazi imekwisha, na shimo huachiwa watoto. Mwenye kambi huhesabu kilichobaki, kwa maana mgeni wa mwaka ujao atakuja kwa ajili ya kilichobaki. Hatusemi haya kwa kuidharau kazi ya madini, iliyotulea sote. Twasema kwamba mji unaojua kutoa tu, bila kujua kutunza, utabaki siku moja na historia bila wakazi.

Kuna jambo la pili, na hili huwagusa hasa wale wanaojiita Wakristo. Anayetengeneza mahali pa kupokea wageni hamjui bado mgeni atakayekuja. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda miti na kujenga karibu na bahari. Hawakujua kwamba mwezi wa pili wa mwaka 1874 wangepokea msafara uliobeba maiti. Livingstone alikuwa amekufa mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, si mbali na mpaka wetu wa Katanga. Na Susi, Chuma na wenzao walikuwa wameubeba mwili wake kwa miguu kwa miezi mingi hadi pwani. Walipofika, palikuwapo mahali pa kuutua mzigo wao. Pangekosekana kama watu fulani, miaka michache kabla, wangeona kupanda miti na kujenga nyumba kuwa kazi ndogo. Nasi tunakumbuka kwamba Injili ya Yohana, karibu na mwisho wake, yatuonyesha Bwana mfufuka akiwa ufukoni alfajiri, amekwisha washa moto wa makaa na kuweka samaki juu yake, akiwangoja wavuvi waliochoka. Aliyeshinda mauti hakuona haya kutayarisha chakula cha asubuhi.

Sasa turudi kwetu. Mashariki ya Likasi liko ziwa Tshangalele, lililotokea mwaka 1930 mto Lufira ulipozuiwa huko Mwadingusha ili upatikane umeme wa viwanda vya shaba. Watu wa Kapolowe huishi kwa samaki wake. Ndege wa maji hukusanyika kwa wingi kwenye matete yake, na tangu mwaka 1982 UNESCO imeiweka Lufira katika orodha ya hifadhi zake za biosfia. Wengi wenu mmekula samaki wa ziwa hilo maisha yenu yote, lakini ni wangapi mmewahi kulala usiku mmoja kando yake na kuliona jua likichomoza juu ya maji? Familia za Likasi na za Lubumbashi zikitaka kupumzika pamoja, mara nyingi huishia baa, penye kelele za muziki, wasipopata mahali pa kuwaacha watoto wakimbie. Haja ipo. Mahali papo. Watu wa kukutanisha haja na mahali ndio wanaokosekana.

Hatutaki kuwadanganya kwamba ni rahisi. Ziwa letu halina bamvua, lakini maji yake huongezeka na kupungua kwa mvua na kwa bwawa, na mwenye kambi atalazimika kujifunza mwendo huo kama mtu wa pwani anavyojifunza mwezi. Mvua zetu huanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne. Nusu ya mwaka itakuwa ya njaa kwa asiyeweka akiba. Kuna mbu, na maji yaliyotulia huweza kuwa na kichocho, hivyo mgeni apewe chandarua na aambiwe ukweli kuhusu mahali pa kuogelea. Kuna pia uchafu wa viwanda, unaoshuka kwa mto Panda hadi Lufira. Mtu ambaye mkate wake unategemea maji safi atakuwa wa kwanza kuuliza maswali juu ya uchafu huo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutamani tuwe na watu kama hao wengi.

Zaidi ya yote, kuna watu waliotangulia. Katika sehemu nyingi za pwani ya Bahari ya Hindi, hoteli zimejenga kuta hadi ukingoni mwa maji, na mvuvi ambaye babu yake alipita hapo na ngalawa yake sasa huzunguka mbali au hufukuzwa. Huko si kuumba mahali, ni kupokonya. Kijana atakayekwenda Tshangalele na aanze kwa mkubwa wa kijiji na kwa wavuvi; ajue njia zao, mahali wanapokaushia samaki, mahali wanapozika. Anunue samaki kwao kwa bei ya haki. Awafundishe watoto wao kazi anayoijua, naye afundishwe nao ziwa. Kambi inayochukiwa na majirani zake haitalala salama hata ikizungushiwa ukuta wa matofali.

Tungependa kumaliza kwa jambo ambalo kikundi chochote kinaweza kulifanya bila fedha nyingi. Katika kambi ya mwaka huu, Kiro au skauti, chagueni vijana sita watakaotangulia siku mbili kabla ya wengine, na sita watakaobaki siku moja baada ya wote kuondoka. Wanaotangulia wachague mahali pa mahema, pa jiko, pa choo na pa maji, na waandike katika daftari sababu ya kila chaguo. Wanaobaki wafukie, wasafishe, na waandike yale ambayo watangulizi walikosea. Daftari hilo likabidhiwe kundi la mwaka unaofuata. Baada ya miaka mitano, kikundi chenu kitakuwa na elimu ambayo sisi walimu hatuna vitabu vyake.

Na yule kijana aliyetuuliza swali, tungependa awe miongoni mwa sita wa kwanza. Aende akafyeke, achimbe, apime kivuli kwa hatua zake. Kisha jioni ya tatu, wenzake watakapofika wamechoka na mizigo vichwani, wakakuta maji yamechotwa na moto unawaka, asimame pembeni awatazame wanavyokaa. Baadaye atuambie kama alichokifanya ni kidogo kuliko alichokisomea.